Safari ya Irangi: Habari za Udongo

Atokaye Dodoma kwenda Babati kwa njia kuu ya kaskazini hupita kwanza nchi ya Wagogo, yenye mibuyu na miiba. Akiisha kupita Kondoa, hukutana na vilima vya Irangi, nchi ya Warangi. Huko tulikwenda kutazama jambo moja tu, yaani udongo: jinsi ulivyopotea, na kama waweza kurudi.

Tulipofika Kolo tuliacha njia kuu, tukashika upande wa Haubi. Mara tuliona makorongo mekundu, mengine marefu hata mtu akisimama ndani yake haonekani. Hayakuchimbwa kwa jembe, lakini yalianzishwa na kazi za watu. Zamani vilima hivi vilikuwa na msitu wa miombo. Miti ilikatwa ili kupata mashamba na kuni, na katika siku za Waingereza pori lilifyekwa pia ili kuwafukuza mbung'o. Mifugo nayo ikazidi malisho. Basi mvua ikipiga udongo usio na majani, matone huuvunja na kuziba vitundu vyake. Kwato zimekwisha kuushindilia. Maji hayaingii, bali hukimbia mtelemkoni yakichukua udongo mweusi wa juu, ulio chakula cha mtama. Husalia changarawe na udongo mgumu, usioweka maji wala kulisha mbegu. Na mchanga huenda kufunika mashamba ya bondeni.

Mwaka 1973 Serikali ilianzisha kazi iitwayo Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, kwa msaada wa Uswidi. Matuta yalichimbwa, miche ikapandwa. Lakini mwaka 1979 ikaja amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba zipatazo 1,256. Tulifikiri neno hili kama wenye nyumba. Ng'ombe alikuwa maziwa ya watoto, mahari ya kijana, akiba ya mwaka wa njaa, tena samadi ya shamba. Vyote hivyo vilitoka mlangoni siku moja naye.

Majani yalirudi upesi. Visiki vya kale vilichipuka, na mchanga wa mito ukaanza kushikwa na mimea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa zizini, wakiwakatia majani. Ndipo maziwa na samadi vikaanza kurudi nyumbani.

Walakini mtu asidhani udongo nao umerudi vivyo hivyo. Tulifukua kwa kijiti chini ya mti mmoja mzuri. Weusi wa juu haukufika unene wa kidole. Chini yake palikuwa pekundu, pakavu, pagumu. Majani ni kazi ya miaka michache, bali udongo ni kazi ya vizazi.

Basi sisi tulio na mashamba ya mitelemko tusingoje amri. Matuta yakingame mtelemko, mabua yaachwe shambani, samadi itiwe, na mifugo isizidi malisho yake. Maana angojaye hata korongo lifike mlangoni hulipa mara mbili: kwanza udongo, kisha ng'ombe.