Pine za Musimu wa Mvua

Mwezi wa tisa umeingia, na mvua pamoja nao. Sisi wa Kindu hatuna theluji, lakini tuna udongo mwekundu, na udongo huo ukinywa maji unateleza kama sabuni. Pikipiki ya chama chetu inabeba mchele na mawese kutoka njia ya Kalima mpaka Alunguli pale kivukoni, na usiku mwingine inabeba mama mwenye uchungu. Kwa hiyo mambo ya pine si ya wanaume peke yao.

Pikipiki inasukumwa na gurudumu la nyuma tu. La mbele linaelekeza njia, na ukifunga breki, uzito wote unalikimbilia. Hapo ndipo ubishi ulipoanza katika mkutano. Wengine walisema: tununue pine moja mpya ya nyuma, ile ya zamani ihamie mbele, na pesa zinazobaki zingoje vitenge vya 8 Machi. Kweli, motari wengi wa mji wetu wanafanya hivyo. Sisi walimu watatu tulikataa. Pine ya nyuma yenye meno makubwa itakutoa kwenye tope, lakini kwenye mteremko wa kwenda mtoni, pine ya mbele iliyoisha ndiyo itakayokuangusha wewe na mtoto aliye mgongoni.

Shemeji yetu anayeishi Montréal alicheka tulipomsimulia. Ana gari dogo la spoti, nalo linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kule Québec sheria inataka pine za baridi tangu 1 Desemba mpaka 15 Machi, maana mpira wa kawaida unakuwa mgumu joto likishuka chini ya digrii 7. Anasema zamani watu waliweka pine za baridi nyuma tu: gari liliondoka vizuri, kisha likakataa kukata kona. Ubishi ni ule ule, wa kwao una barafu tu.

Basi tukaenda kununua, na tukasoma pine kama tunavyosoma kitabu. Maandishi 90/90-18 51P yana maana: upana milimita 90, urefu wa ubavu asilimia 90 ya upana huo, janti ya inchi 18. Namba 51 ni uzito ambao pine moja inaweza kubeba, kilo 195. Hesabu motari, mama mmoja, gunia la mchele na pikipiki yenyewe, utaona kwa nini pine za bei rahisi zinapasuka njiani. Tafuta pia namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji mmoja alitupaka maneno matamu juu ya pine inayong'aa. Kung'aa kulikuwa kwa mafuta, na ubavuni kulikuwa na nyufa. Angalieni pia mshale: pine ya meno inazunguka upande mmoja, na kwado mwenye haraka anaweza kuigeuza.

Kuhusu janti hatukubishana sana. Zile za kumwagwa kwa chuma chepesi ni nzuri kwa macho, lakini zikipasuka kwenye shimo, hapa hakuna wa kuzirudisha. Za rayo zikipinda, fundi wa barabarani anazinyoosha asubuhi, na saa sita mzigo uko njiani.

Jambo moja motari wetu bado halipendi: kutoa upepo mwingi ili pine ishike tope. Kwa mzigo mzito tumemkataza, maana mpira wa ndani unahama na kung'oa mdomo wake wa kutilia upepo.

Tumenunua pine mbili, za mbele na nyuma. Mama mweka kasa bado ananuna. Habari ya vitenge tutaizungumza mwezi wa kwanza, likelemba ikishazunguka.