Kodi ya Mwaka Mbagala, Kodi ya Mwezi East Ham

Kwetu Baleni, katikati ya kisiwa cha Mafia, nilipokuwa mdogo sikupata kusikia mtu akitaja kodi ya nyumba, kwani aliyehitaji makao alipewa kiwanja na wazee wake, jamaa wakamsaidia kusimamisha nguzo na kufunga fito, vijana wakakandika udongo, kina mama wakashona makuti, naye akaingia nyumbani mwake bila ya deni lolote ila kuwasaidia wenziwe zamu yao ilipofika.

Basi nilipovuka bahari hadi Nyamisati, nikashuka Mbagala Rangi Tatu wafikiapo wengi wetu watokao kusini, nilistaajabu kuambiwa kwamba chumba kimoja, chenye choo cha ushirika uani, hakipatikani ila kwa kodi ya mwaka mzima kulipwa taslimu kabla ya kupewa ufunguo, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kuwa haki ya dalali. Marehemu baba aliweka rehani minazi yake kumi na miwili ili mimi nipate pa kulala. Maana Mafia mnazi ni mali mbali na ardhi ulimoota, huuzwa, hurithiwa na kuwekwa rehani peke yake. Kuikomboa kulituchukua miaka.

Sitaki kumdhulumu mwenye nyumba wa Mbagala. Aghalabu hakukopeshwa na benki yoyote; amejenga chumba baada ya chumba kwa jasho lake, na kodi ya mpangaji wa leo ndiyo mabati ya chumba cha kesho. Lakini mzigo huo humwangukia kijana ambaye hata mshahara wa kwanza hajaupokea.

East Ham, mashariki ya London, ninakokaa sasa, kodi ni ghali kiasi cha kumeza karibu nusu ya ujira wangu. Na wanunuao fleti wengi hununua miaka tu, 99 au 125, ilhali ardhi ni ya mwingine, jambo ambalo mtu wa Mafia, aliyezoea mnazi wa huyu katika ardhi ya yule, halimpi taabu kulifahamu. Hata hivyo kodi nailipa mwezi kwa mwezi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 sheria imemkataza dalali kumtoza mpangaji ujira wake, na amana ya mpangaji wa kawaida haizidi kodi ya wiki tano. Tena, tangu Aprili 2007, amana hiyo sharti iwe chini ya dhamana ya mpango ulioidhinishwa na serikali. Nilipohama chumba changu cha kwanza, mwenye nyumba aliidai amana yote kwa ajili ya doa la zulia. Nikapeleka kwa msuluhishi wa mpango huo picha nilizopiga siku ya kuingia, na fedha zangu zikarudi bila ya wakili wala ugomvi.

Insafu kama hiyo twaimudu hata sisi. Naliomba Bunge letu liilinde amana ya mpangaji na kuiwekea kikomo kodi ya mbele; nanyi ndugu zangu wa Mafia wenye vyumba Mbagala, msiingoje sheria: kijana wa Baleni ashukapo garini mwezi huu, mpokeeni kwa kodi ya mwezi.