Irudishe Ile Mvua

Kibosho, Jumatano jioni

Mwanangu mpendwa,

Baba yako goti linamsumbua asubuhi tu, mama yako amemaliza kuvuna maharage, na bati la jikoni lililong'olewa na upepo limesharudishwa.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu jambo lenyewe sitaki ulisome kwenye simu umesimama ndani ya daladala. Jumapili baada ya misa alikuja hapa binti wa baba yako mdogo, furaha imemjaa usoni. "Shangazi, hebu sikiliza dada alivyopiga Mozart." Akaiweka simu mezani karibu na kikombe changu. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya ile sonata ya do meja, K. 545. Nikasikiliza. Nikamwambia arudie. Nikamwambia arudie tena, naye akadhani ni furaha.

Mwanangu, kulikuwa na mvua. Ulipoanza kupiga, nyuma ya piano ya ukumbi wa parokia yenu ilisikika mvua juu ya bati, ile ya rasharasha, nami nikaipenda, nikaona kama nimeketi humo ukumbini pamoja nawe. Vipimo vinne vya kwanza mvua ipo. Kinapoingia kipimo cha 5, pale mkono wa kulia unapoanza kukimbia skeli, ya kwanza kutoka la, ya pili kutoka so, kisha fa, kisha mi, mvua inakatika ghafla. Skeli zinapita kavu, laini, kila nota imekaa mahali pake. Zikishakwisha, mvua inarudi. Nimefundisha muziki chuo cha ualimu miaka 22, na kinanda cha parokia nimekipiga miaka 31. Masikio haya bado yanasikia.

Kama ungekata na kuunga tu, nisingechukua kalamu. Lakini binti huyu alinisomea na maneno yako. Umewaandikia wenzako wa kundi la kutumiana rekodi kwamba umepiga mara moja, bila kukata. Akanisomea na majibu yao: hongera, hongera, mioyo na makofi. Halafu akasoma la yule mama wa Kampala, anayefanya mazoezi watoto wakishalala, aliyesema amekwama kwenye skeli hizo hizo tangu Kwaresima na sasa anaona labda vidole vyake si vya piano. Na la yule kijana wa Nairobi aliyekuuliza unapitishaje dole gumba hata skeli zitoke sawasawa namna ile. Wewe ukamjibu. Ukamwelekeza kiwiko, ukamwelekeza kifundo cha mkono, mistari saba mizima. Mwanangu, umemfundisha mtu kitu ambacho mkono wako haujakifanya.

Hapo ndipo usingizi uliponiruka.

Najua unavyoipenda piano. Wewe ni muuguzi, unatoka zamu usiku umechoka, na bado unaomba ufunguo wa ukumbi upate dakika 40. Hata hao wenzako ndivyo walivyo. Mmoja mhasibu, mmoja mwalimu wa hesabu, mmoja yuko Muscat kazini na ana kinanda cha umeme cha kusikilizia masikioni. Hakuna anayelipwa, hakuna aliye karibu na mwalimu. Mna kitu kimoja tu, masikio ya wenzenu. Mtu akipiga, mikono imejaa kazi na masikio yanasikia kile alichokusudia. Mpaka aisikie rekodi yake, au mwingine amwambie, ndipo anajua mkono wa kushoto unaumeza wimbo wa mkono wa kulia. Ndiyo maana mnatumiana rekodi. Ukishaipaka rekodi rangi, wenzako wanaisahihisha rangi, na mkono wako unabaki ulivyokuwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe muuguzi unaujua ukweli wake kuliko mimi.

Sasa nitakueleza jambo ambalo hata baba yako halijui.

Mwaka 1976 nilikuwa chuoni. Sista aliyetufundisha kinanda alikuwa na redio ya kaseti, akawa anaturekodi na kutusikilizisha. Siku ya kwanza nilipojisikia nililia. Nilidhani napiga kwa utulivu, kumbe nilikuwa nakimbia kama anayefukuzwa. Sista hakuniambia nimepiga vizuri wala vibaya. Alirudisha kaseti mahali pamoja, akasema, "Hapa. Sikiliza mkono wa kushoto. Kesho upige huo peke yake." Mahali, kosa, dawa. Sijawahi kupata masahihisho bora kuliko hayo.

Sista alikuwa na rafiki huko kwao Ujerumani, mwalimu mzee wa piano, ambaye alikubali kusikiliza kaseti za wanafunzi wetu na kutuandikia barua za kutusahihisha, bila malipo. Kila mmoja alipewa nafasi ya kipande kimoja. Mimi nilichagua invensheni ya Bach, ile ya kwanza, ya do meja. Inaonekana fupi, vipimo 22 tu, lakini mikono miwili inasemezana sawa kwa sawa, na wangu wa kushoto ulikuwa dhaifu. Rafiki yangu tuliyelala kitanda cha juu na cha chini alikuwa na mkono wa kushoto kama wa fundi cherehani, haukosei. Jioni moja Sista alipokwenda kusali tulichukua kaseti. Nikapiga nusu ya kwanza, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikanyanyuka. Rafiki yangu akakaa, akapiga nusu ya pili. Kaseti ikaandikwa jina langu.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili na nusu. Kurasa mbili, mwandiko mdogo wa wino wa bluu, na Sista akanitafsiria mbele ya wenzangu. Yule mzee alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisikiliza maishani. Alisema mwanzo niliogopa, lakini kuanzia katikati mkono wa kushoto umeamka na unaimba. Akasema, kwa kuwa mkono wangu wa kushoto umekomaa, niache mazoezi yake, niingie kwenye vipande vigumu zaidi. Akaorodhesha vitatu.

Nikamtazama rafiki yangu. Alikuwa ameinamisha kichwa akisugua kucha. Sifa ile ilikuwa yake, na hakuna aliyemtaja. Ushauri ule ulikuwa wake, na hakuna aliyempa. Mimi, kwa kuogopa kugundulika, nilifuata maagizo. Niliacha mazoezi ya mkono wa kushoto, nikavamia vipande vigumu, nikapiga miaka na mkono ule umelemaa vilevile. Nilikuja kuurekebisha nikiwa na miaka 43, peke yangu, kwa nyimbo za watoto, na wala haukupona wote. Rafiki yangu alifariki mwaka 2003 na sikuwahi kumwomba radhi. Barua ya yule mzee ninayo kwenye sanduku langu la bati, chini ya vitenge. Naifungua mara mojamoja. Ni barua nzuri kabisa, tatizo ni kwamba haikuandikwa kwangu.

Na waliponiweka pembeni siku ya jubilei ya parokia, wakamkalisha kwenye kinanda kijana aliyejifunza miezi minane, nilikasirika sana, na mpaka leo naona walinionea. Lakini moyoni nilijua kuna mahali mkono wangu wa kushoto ungeniangusha mbele ya askofu. Hilo nalo lilitoka kwenye kaseti ile.

Najua utaniambia hata wakubwa wanakata na kuunga. Ni kweli. Glenn Gould wa Kanada aliacha kupiga mbele ya watu mwaka 1964, akajifungia studio, na kuunga vipande vya rekodi kulikuwa sehemu ya sanaa yake. Lakini Gould alilisema waziwazi, akaliandika na kulitetea. Aliyenunua sahani yake alijua ananunua nini. Wewe sikulaumu kwa mkasi, nakulaumu kwa neno "mara moja".

Kuna na mfano mwingine, na huu uukumbuke. Uingereza alikuwepo mpiga piano, Joyce Hatto, aliyezaliwa 1928 na kufariki 2006. Aliumwa muda mrefu, hakuonekana tena jukwaani, lakini rekodi zake ziliendelea kutoka, zaidi ya sahani 100, wakosoaji wakastaajabu. Mwaka 2007 mtu mmoja akaweka sahani yake ya Liszt kwenye kompyuta, na kompyuta ikamtaja mpiga piano mwingine, László Simon. Walipochunguza, wakakuta muziki ni wa wapigaji wengine. Mume wake, ndiye aliyekuwa akizitengeneza, alieleza kwamba alianza kwa kuziba sehemu ambazo mke wake aliguna kwa maumivu. Kiraka kidogo hapa, kiraka pale. Kisha viraka vikawa virefu, mpaka nguo yenyewe ikawa haipo. Mimi huwa nafikiria zile rekodi alizopiga kwa mikono yake kweli, yule mama. Nani anaziamini sasa?

Wewe umeziba vipimo vichache. Ndiyo maana nakuandikia leo na sio mwakani.

Tena umeniambia mwenyewe unataka kufanya mtihani wa piano wa ABRSM kwa video, ule wa vipande vinne. Unajua masharti yake: unarekodi vyote mfululizo, bila kukatisha. Alama ni 150, kila kipande 30, na 30 zilizobaki ni za jinsi ulivyobeba onyesho lote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hizo 30 za mwisho haziungwi na programu yoyote. Kule kujikwaa na kuendelea bila kusimama ndiko unakojifunza unapowatumia wenzako rekodi yenye makosa.

Wala usione aibu na skeli za sonata hiyo. Mozart mwenyewe aliiandika kwenye orodha ya kazi zake mwaka 1788 kuwa ni ya wanaoanza, na neno hilo limewavunja moyo wengi. Ni muziki mtupu kama meza iliyofutwa, punje moja ya mchele ikidondoka inaonekana. Piga skeli hizo polepole, nota nne nne, usimame kila mara kabla ya dole gumba kupita chini. Wiki mbili, bila pedali.

Mengine machache, maana karatasi inaisha. Simu usiiweke juu ya piano, iweke kwenye kiti mbali hatua tatu. Kifundo kikianza kuuma, funga piano siku hiyo, kazi yako inahitaji mikono. Ukiwa unawasahihisha wenzako, sikiliza mpaka mwisho kabla hujaandika, na useme kipimo cha ngapi. Usitume maoni usiku ukiwa umetoka zamu na hasira. Yule wa Muscat anayekuambia unatumia pedali mno, msikilize, anasema kweli, nami nilisikia. Na kwenye misa usikatae kupiga kwa kuwa kinanda ni kibovu, mimi nilijifunzia cha kukanyaga chenye vibao vitatu visivyolia.

Nirudi kwenye mvua. Naamini ile rekodi ya kwanza bado unayo, ile uliyoikata. Sidhani uliifuta, maana nakufahamu, hata madaftari ya darasa la tatu unayo. Mle ndani skeli zimejikwaa, pengine umesimama, pengine umerudia. Itume hiyo kwa kundi lako, mwanzo mpaka mwisho, na mvua yake. Waandikie kwamba ile ya kwanza uliiunga. Usijieleze sana. Kisha mwandikie yule kijana wa Nairobi peke yake, umwambie asifuate uliyomwambia kuhusu kiwiko. Na yule mama wa Kampala umwambie nawe umekwama palepale alipokwama. Nafikiri hakuna rekodi itakayomsaidia kuliko hiyo.

Watakaokucheka watakuwepo, mmoja au wawili. Waache. Wengine watakutumia zao walizokuwa wamezificha, na hapo ndipo kundi lenu litaanza kazi.

Sijamwambia baba yako, na binti wa baba yako mdogo nimemwambia tu kwamba umepiga vizuri, jambo ambalo kwa vile vipimo vinne vya kwanza ni kweli. Simu yake ameniachia mpaka Jumapili ijayo. Nimeiweka kwenye chaji, iko hapa mezani. Nasubiri rekodi yako.

Ni mimi shangazi yako akupendaye.