Machakos: Huko Mtoto Huanza na Upinde

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya Mombasa, ukapita Syokimau na Mlolongo, ukaviacha nyuma viwanda vya saruji vya Athi River, jiji hukuachilia ghafla. Mbele huwa nyika tupu ya Kapiti, nyasi za rangi ya simba, na kushoto vinainuka vilima vya Lukenya na vya Mua. Pundamilia na swara bado huonekana hapa na pale, hasa asubuhi. Kutoka jijini hadi mji wa Machakos ni kilomita sitini na ushei, safari ambayo familia yoyote yaweza kuifanya Jumapili na kurudi kabla ya giza.

Wengi huipita nyika hii wakisinzia. Lakini ni hapa, kwenye kituo kidogo cha reli cha Kapiti, ambapo mnamo Aprili 1909 alishuka Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kumaliza kipindi chake cha urais wa Marekani. Alikuja kuwinda, na aliandamana na mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19. Siku zao za mwanzo walikuwa wageni katika shamba la Kitanga, la Sir Alfred Pease, mwendo si mrefu kutoka Machakos.

Roosevelt alichagua bunduki zake kama fundi achaguavyo misumeno. Alikuwa na Springfield nyepesi ya kulenga swara walio mbali, Winchester ya risasi nzito zaidi kwa ajili ya simba, na bunduki ya mitutu miwili ya Holland & Holland kwa ndovu na vifaru. Kila moja na kazi yake. La ajabu ni kwamba mwenyewe hakuwa mlengaji hodari. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeharibika kwa pigo la ndondi, na hakuweza kuona mbali bila miwani. Hata hivyo, hadi safari ilipokwisha mwaka 1910, baba na mwana walikuwa wameua wanyama wakubwa 512. Baba 296 na mwana 216. Wengi walipelekwa Washington, kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Nilipowasimulia wanangu habari hizi ndani ya matatu, binti yangu wa miaka kumi na mitatu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Baba, mia tano hao waliwatosha?" Ndugu yake wa miaka kumi hakuuliza hivyo. Yeye alitaka kujua bei ya Springfield.

Na hapo, msomaji mpenzi, ndipo penye kisa cha safari yetu. Tangu kijana huyu aangalie mashindano ya kulenga shabaha kwenye televisheni, nyumbani hapakukalika. Anataka bunduki. Si ya plastiki, ya kweli, yenye darubini juu yake. Mama yake alikata shauri siku ile ile: silaha haiingii nyumbani mwake. Nami nilijua kwamba hata angekubali, sheria isingekubali. Humu nchini hakuna amiliki bunduki bila cheti, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu Mei 1977. Lakini kumwambia mtoto "hapana" peke yake ni kama kuziba maji kwa kiganja. Nikasema tutakwenda Machakos, kwa watu ambao kabla ya bunduki kufika walikuwa na sifa ya kulenga kuliko wengi katika Afrika Mashariki.

Mji wenyewe umejibanza kwenye bonde, vilima vya Iveti vikiwa juu yake. Jina lake latokana na Masaku, mzee maarufu wa Kikamba aliyekaa hapa. Ndimi za wageni zikalipindua likawa Machakos, ingawa wenyeji hadi leo husema Masaku. Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ilijenga boma lake hapa mnamo 1889, miaka kumi kabla reli haijafika Nairobi. Kama mainjinia wangeileta reli huku badala ya kuipitisha nyikani, yamkini leo tungekuwa tukisafiri kutoka Machakos kwenda kupumzika Nairobi. Naye Syokimau, yule mtabiri wa Kikamba asemekanaye kuwa aliona katika ndoto nyoka mrefu akija kutoka baharini, amepewa kituo cha treni kando ya jiji, kilichofunguliwa 2012.

Sokoni tulikaa kidogo tu. Tulikula muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa kwa maharagwe, kisha tukapanda milimani kwa mzee mmoja ambaye rafiki yangu wa kazini ni mjomba wake. Hakutaka jina lake liwekwe gazetini, na nimemheshimu.

Alitukaribisha chini ya mwembe. Nilipomweleza shida ya kijana, hakucheka. Aliingia ndani akatoka na upinde mweusi kwa moshi na umri, mfupi kuliko nilivyotazamia. Kikamba huuita *uta*. Wasomaji wanaopenda Kiswahili cha kale wataitambua mara moja: uta ndilo jina la zamani la upinde katika Kiswahili chetu pia, kabla halijasahauliwa na wengi.

Mzee alieleza kwamba mbao nzuri za upinde na fimbo za mishale ni za miti ya jamii ya mkole, isiyokatika upesi na irudiayo umbo lake ukiiachia. Upote, ule ugwe wa upinde, ulisokotwa kwa ukano wa mnyama. Mishale ilitiwa manyoya ya ndege mkiani ili iende wima. Halafu akamwonyesha kijana jambo ambalo macho yangu hayakuliona: alama ndogo zilizochanjwa kwenye fimbo ya mshale.

"Hii ni nini, babu?" kijana aliuliza.

"Hilo ni jina langu, mjukuu wangu. Mshale ulikuwa na alama ya mwenyewe. Mnyama akianguka, wote wanajua ni wa nani. Na ukimpata ng'ombe wa jirani, au mtu, pia wanajua ni wa nani."

Kijana aliugeuza mshale ule mkononi kwa muda mrefu. Bunduki aliyoitamani haiandiki jina la mtu kwenye risasi.

Alama hizo hazikuwa hadithi ya wazee tu. Enzi za ukoloni, askari wa wanyama walipokuwa wakiwasaka majangili katika mbuga ya Tsavo, mshale uliookotwa uliweza kumtaja mwenyewe. Miaka ya 1950 wawindaji wengi wa Kikamba na wa Kiwaata walikamatwa huko. Waata ndio waliokuwa na pinde kali kupita zote. Nyingine zilihitaji nguvu ya kuvuta ratili zaidi ya 100, na wazungu waliozipima walizilinganisha na zile pinde ndefu za Waingereza wa kale.

Juu ya sumu, mzee alikuwa mgumu. Kila Mkamba mzima amesikia habari za *ivai*, itokanayo na mti ambao kwa Kiswahili ni msunguti. Alisema tu kwamba chembe za mishale yenye sumu zilifungwa kwa ngozi nyembamba mpaka dakika ya kutumika, na kwamba mtoto hakuruhusiwa hata kukaa karibu na podo. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumsukuma. Niliwaongezea watoto lile nilijualo: sumu hiyo husimamisha moyo, ingawa madaktari wa Ulaya waliwahi kuitumia kwa kiasi kidogo mno kutibu moyo huo huo. Na yupo panya mmoja mkubwa mwenye manyoya ya milia, humu humu Kenya, ambaye huitafuna ganda la msunguti na kujipaka mate yake ubavuni; mbwa amwumaye hujuta. Wataalamu walilithibitisha jambo hilo mwaka 2011.

Nikamwuliza mzee ilikuwaje mtoto wa Kikamba akafundishwa.

Akasema hakufundishwa, alianza. Mvulana akiweza kuchunga mbuzi, ameshajitengenezea kijiupinde cha fito. Mshale wake haukuwa na chuma. Ulikuwa kijiti kilichochongwa, au kilichochomekwa kigunzi cha mahindi ili kisimchome mtu. Walishindana kupiga boga lililobingirishwa mteremkoni, na aliyekosa ndiye aliyetumwa kurudisha mbuzi. Upinde ulikua pamoja na mtoto: kila mkono ukirefuka, upinde mwingine. Chuma kilikuja baadaye sana, baada ya wakubwa kumwona jinsi anavyotembea na silaha, si jinsi anavyolenga.

Hilo la mwisho nililiandika chini. Mzazi wa mjini atakayetaka kumfungulia mwanawe mlango wa mchezo huu atalisikia tena kwa walimu wa kisasa, ila wao watalisema kwa filimbi. Uwanjani filimbi mbili maana yake ni kusogea kwenye mstari, moja ni kupiga, tatu ni kwenda kuchukua mishale. Filimbi nyingi mfululizo, kila mtu aache alichoshika. Hakuna avukaye mstari kabla ya tatu, hata mshale wake ukianguka hatua moja mbele ya vidole vya mguu.

Aidha, kuchagua upinde wa mtoto kuna mambo ambayo muuza duka huenda asikuambie. Kwanza jicho. Kila mtu ana jicho moja litawalalo, na si lazima liwe upande wa mkono wake wa nguvu. Mwambie mtoto anyooshe mikono, aunganishe viganja akiacha tundu dogo, aangalie kitu cha mbali kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja baada ya jingine. Jicho linalobaki likikiona kitu kile ndilo la kulengea. Binti yangu hutumia mkono wa kulia, lakini jicho lake ni la kushoto. Angepewa upinde wa mkono wa kulia angekosa mwaka mzima na kudhani hana kipawa.

Pili nguvu. Wanaume wengi hununulia watoto upinde mgumu kwa kujivuna. Mtoto wa miaka kumi anatosheka na wa ratili 10 hadi 15. Akitetemeka kabla hajaufikisha upote kidevuni, upinde huo si wake. Mshale nao uwe mrefu kuzidi urefu wa mvuto wake, kwani mfupi unaweza kuteleza nyuma ya upinde na kumchoma mkono ulioushika. Mpe kinga ya mkono, kwa sababu upote ukimchapa mara moja atauogopa mwezi mzima. Na asiachie kamwe upinde mtupu usio na mshale. Nguvu isiyo na pa kwenda huurudia upinde wenyewe na kuupasua.

Zile pinde nzuri zinazouzwa kwa watalii pamoja na vinyago, mzipende ukutani. Wakamba ni wachongaji mashuhuri, na Wamunyu, katika kaunti hii hii, imeishi kwa kuchonga tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini upinde wa pambo haukukusudiwa kuvutwa.

Jioni hiyo mzee aliegemeza kigogo cha mgomba kwenye tuta la udongo, akapima hatua kumi, akachora mstari kwa fimbo. Kabla ya mtu kugusa upinde alimpeleka kijana nyuma ya kigogo akamwuliza, "Mshale ukikikosa, utakwenda wapi?" Kijana akaonyesha tuta. "Na nyuma ya tuta?" Akapanda, akachungulia, akarudi na kusema kuna kichaka tu. Ndipo alipopewa upinde.

Alikosa mara tano. Dada yake, kwa mkono wa kushoto, alikipata kigogo kwa mshale wa pili, na mzee akapiga makofi akamwambia kwamba zamani wasichana hawakupewa uta, na kwamba zamani walikosea. Nilimsimulia habari za Shehzana Anwar. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, mwaka 2016, bendera ya Kenya haikubebwa na mkimbiaji. Ilibebwa na yeye, mwanamke mpiga mishale. Medali zetu 13 zote zilitoka kwenye riadha, kwa hiyo wengi wamelisahau jambo hilo. Wapigaji wa Olimpiki husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la pointi kumi katikati lina upana wa sentimita 12 tu, kama sahani ya kikombe cha chai. Mzee alizihesabu mita hizo kwa macho hadi kwenye paa la jirani, akatikisa kichwa. Binti yangu naye alilitazama paa lile, lakini hakutikisa kichwa.

Tuliagana jua likishuka nyuma ya Mua. Mzee aliwapa upinde mmoja wa fito na mishale minne yenye vigunzi. Makanga wa matatu alitaka kuufunga juu ya paa pamoja na magunia, akisema abiria wataogopa. Baada ya mabishano ulipita chini ya viti.

Nyumbani mama yao aliutazama upinde kwa muda, akaupima kwa vidole, akauliza vile vigunzi ni vya nini. Kijana alimweleza yote, pamoja na swali la nyuma ya tuta. Mama akatoa uamuzi: upinde ulale chumbani mwa watoto, mishale ilale kabatini mwake, na ufunguo atakaa nao yeye. Kijana ameshachukua kisu cha jikoni mara mbili akiomba ruhusa ya kuchanja alama kwenye mishale, lakini yeye na dada yake bado hawajapatana itakuwa alama gani.