Jason Becker: mpiga gitaa anayejulikana kwa ugonjwa kuliko kwa solo

Wapenzi wa gitaa la umeme wakihesabu mabingwa wa miaka ya 1980, wanaanza na Eddie Van Halen, wanafuata na Yngwie Malmsteen, Steve Vai na Joe Satriani. Jason Becker anakuja mwishoni, kama anakuja. Na akitajwa, kitu kinachofuata jina lake mara nyingi si wimbo wala albamu, ni ugonjwa. Watu wanatikisa kichwa, wanasema maskini kijana yule, kisha wanapita bila kusikiliza hata noti moja.

Hapo ndipo anapodhulumiwa. Huruma si kitu kibaya, lakini imefunika kazi yake.

Familia zilizokimbia vita zinaijua hali hiyo. Kwenye orodha ya msaada mtu anaandikwa kijiji alikotoka na hesabu ya watoto wake. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba mama huyu alikuwa fundi cherehani aliyeshonea mtaa mzima, au kwamba baba yule alikuwa mpiga solo wa kwaya. Anaitwa mhamishwa, basi. Kwa hiyo habari ya Becker inafaa ianze pale ilipoanzia kweli, yaani kwenye gitaa.

Alizaliwa tarehe 22 mwezi wa saba mwaka 1969 mjini Richmond, jimbo la California, kule Marekani. Baba yake, Gary, alikuwa mpiga gitaa, na mtoto alianza kujifunza nyumbani angali mdogo. Nyimbo za Bob Dylan ndizo alizozipenda kwanza. Baadaye akamsikia Malmsteen, yule Msweden aliyepiga gitaa la umeme kwa namna ya fidla za zamani, na akaanza kumfuata noti kwa noti. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari alipanda jukwaani shuleni kwao akapiga «Black Star» ya Malmsteen, wimbo ambao watu wazima wengi waliuogopa.

Wakati huo California ilikuwa na homa ya mbio za vidole. Mtindo huo unaitwa shredi: ni tawi la muziki wa hevi metali ambamo mpiga solo anaonyesha kasi na usafi wa noti. Mike Varney, mwenye kampuni ya Shrapnel Records, alikuwa akipokea kaseti za vijana kutoka pande zote. Becker alituma ya kwake akiwa na miaka 16. Varney akamkutanisha na Marty Friedman, kijana aliyemzidi umri kwa miaka sita na zaidi, na wawili hao wakaunda kundi la Cacophony. Mwaka 1987 walitoa albamu «Speed Metal Symphony». Mwaka 1988 ikaja «Go Off!», na mwaka huohuo Becker akatoa albamu yake mwenyewe, «Perpetual Burn».

Anayejua sebene ya Kikongo atashangaa kidogo mwanzoni. Kwetu gitaa linapigwa ili watu wacheze. Akompa inashika njia, na solo inazunguka juu yake mpaka hata aliyechoka ainuke kwenye kiti. Kwenye shredi hakuna anayecheza dansi. Watu wanasimama na kutazama vidole. Na tuseme ukweli, sehemu kubwa ya muziki ule imezeeka vibaya. Noti zilikuwa nyingi kuliko mawazo. Hata kwa Cacophony kuna mahali ambapo gitaa mbili zinakimbizana mpaka sikio linaomba maji.

Lakini Becker alikuwa na kitu ambacho wenzake wengi hawakuwa nacho. Alitunga. Ushahidi uko kwenye «Perpetual Burn», katika kipande kinachoitwa «Air». Humo hakuna kelele. Gitaa kadhaa safi, zote zimepigwa na yeye, zinaingia moja baada ya nyingine. Sauti ya kwanza inasema jambo, ya pili inajibu, ya tatu inapita chini yao, na hakuna inayomkanyaga mwenzake. Ni ufundi wa Bach, kama kwaya nzuri ambamo besi, tena, alto na soprano kila mmoja ana njia yake na bado wimbo ni mmoja. Kijana aliyepanga hayo hakuwa amefika miaka 20.

Kipande kingine ni «Altitudes». Kinaanza polepole, na melodia ambayo mtu anaweza kuiimba akiosha vyombo. Kasi inakuja baadaye, wakati mediatori inapofagia nyuzi zote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayefagia ua. Tofauti na wengi wa siku zile, anakimbia kwa sababu wimbo umemfikisha mahali pa kukimbia.

Pia alikuwa mtu wa mchezo. Iko video ya zamani ambamo mkono wa kushoto unaendelea kupiga noti peke yake shingoni mwa gitaa, huku mkono wa kulia ukirusha yoyo. Ni utani wa kijana anayejua kwamba mikono yake inamtii.

Mwaka 1989 alipata kazi ambayo kila mpiga gitaa wa Marekani aliitamani. David Lee Roth, muimbaji wa zamani wa Van Halen, alimchukua kundini mwake, kwenye kiti ambacho Steve Vai alikuwa amekiacha. Becker alikuwa na miaka 20. Siku zilezile mguu mmoja ukaanza kulegea, akawa anachechemea. Alipopimwa, madaktari wakataja ugonjwa unaoua neva zinazoamrisha misuli. Kwa Kiingereza unaandikwa ALS. Madaktari waliosoma Kifaransa wanauita SLA, au ugonjwa wa Charcot. Misuli inakufa kidogo kidogo, akili mara nyingi inabaki nzima. Walimpa miaka 3 mpaka 5 ya kuishi.

Hakuacha kazi. Alirekodi albamu ya Roth, «A Little Ain't Enough», huku vidole vikipoteza nguvu, akaweka nyuzi nyepesi zaidi ili aweze kuzibonyeza. Albamu ilitoka mwaka 1991. Safari ya maonyesho ilipoanza, alisimama mtu mwingine mahali pake. Baadaye mikono ikakataa kabisa, kisha miguu, kisha na sauti.

Hapa wengi wanafunga habari yake, na hapa ndipo inapostahili kusikilizwa vizuri. Baba yake alimtengenezea lugha ya macho. Herufi zimegawanywa katika makundi. Jason anatazama upande mmoja kuchagua kundi, anatazama tena kuchagua herufi, na aliyekaa mbele yake anazisoma moja moja mpaka neno linatimia. Mama yake, Pat, ndugu na marafiki walijifunza lugha hiyo. Kwa macho hayohayo anaagiza chakula, anafanya utani, na anatunga muziki: noti ipi, chombo kipi, kwa urefu gani. Msaidizi anaingiza kwenye kompyuta, anampigia asikie, naye anasahihisha.

Albamu «Perspective» ilitoka mwaka 1996. Ina kwaya, vyombo vya nyuzi, ngoma, na wimbo mmoja wa Bob Dylan, yule aliyempenda tangu utoto. Mwaka 2012 ikatoka filamu juu ya maisha yake, «Jason Becker: Not Dead Yet». Mwaka 2018 ikafuata «Triumphant Hearts», iliyolipiwa kwa michango ya wapenzi wa muziki wake. Vai, Satriani, Paul Gilbert na Joe Bonamassa walipigamo gitaa. Marty Friedman, aliyekuwa amepita Megadeth na kujipatia jina kubwa, naye alikuwemo. Hao ndio watu ambao majina yao yanatajwa kabla ya lake. Walikuja kupiga kwenye nyimbo alizotunga yeye.

Hiyo ndiyo hoja ambayo huruma inaisahau. Kama ustadi wa Becker ungekuwa kwenye vidole tu, ungekufa pamoja na vidole. Kazi za baadaye zinaonyesha kwamba hata mwaka 1988, watu walipokuwa wakitazama mikono, jambo kubwa lilikuwa kwenye sikio na kichwa. Mbio zile zilikuwa nguo ya nje. Ndani kulikuwa na mtunzi, na mtunzi hakuondoka.

Hakuna haja ya kupamba. Ugonjwa ulimnyang'anya vitu ambavyo havikurudi, na hakuna wimbo unaolipa hasara ya namna hiyo. Familia yake imebeba kazi ya usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30. Lakini kumwonea mtu huruma bila kumsikiliza ni kumnyang'anya mara ya pili.

Kwa hiyo msikilizaji mwenye simu na mega kidogo atafute «Air» kwanza. Ni kipande cha dakika chache. Afunge macho, asimwambie jirani ni nani aliyepiga wala yaliyompata. Wasikilize pamoja, wahesabu gitaa ni ngapi, wabishane ipi inaongoza. Wakimaliza ndipo waulizane jina.

Na jirani huyo mwenyewe, kama amefika juzi na godoro kichwani, aulizwe vilevile. Swali la wapi alikimbia ameshajibu mara nyingi. Aulizwe alikuwa akifanya nini kwao, na alikuwa akikifanya namna gani.