Choki ya Beetle: kabureta haikuwa na makosa

Leo hakuna habari za programu. Ni habari za Beetle ya 1968, kabureta ya Solex 30 PICT, na moshi mweusi uliowafanya majirani waanze kufunga madirisha.

Kwa miezi kadhaa ugonjwa ulikuwa mwingine kabisa: asubuhi ya baridi injini inawaka, inanguruma nusu dakika, inazima. Kisha mambo yakageuka. Ikawa inawaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto inakohoa, inanuka petroli, na plagi zinajaa masizi. Fundi mmoja akasema kabureta imekufa, ninunue nyingine. Wa pili akataka kuifunga choki kwa waya ibaki wazi siku zote. Nikakataa. Programu ikikwama kwenye mstari mmoja, haufuti faili zima!

Choki yenyewe si uchawi. Kwenye kikombe kilicho kando ya kabureta kuna springi ya metali mbili. Ikiwa baridi, inavuta kibao kizibe mdomo wa kabureta, hewa ipungue na petroli izidi. Ukiwasha swichi, umeme kutoka kwenye koili unaipasha springi moto, nayo inakiachia kibao kifunguke pole pole.

Nikatoa chujio la hewa injini ikiwa moto. Kibao bado kimefunga nusu. Waya una volti 12, sawa. Nikauchomoa na kupima kipasha moto kwa mita: kimekatika. Nikafungua skrubu 3, nikakitazama nyuma, nikacheka peke yangu. Kimeandikwa 6V.

Beetle za zamani zilikuwa za volti 6 kabla ya kuhamia 12 mwishoni mwa miaka ya 1960. Volti zikiongezeka mara 2, joto linaongezeka mara 4. Ndiyo maana choki ilifunguka kabla injini haijapata moto, hadi kipasha chenyewe kikaungua. Hitilafu mbili, chanzo kimoja.

Ukifunga cha 12V, hakikisha ncha ya springi imenasa kwenye mkono wa choki, panga alama na ile ya katikati, usikaze sana. Mwaga oili pia, maana petroli iliyozidi huteremka huko chini na kuifanya nyepesi. Na asubuhi kanyaga mafuta mara moja kabla ya kupiga stata, la sivyo choki haijifungi.