Kisanduku Hakijui Hesabu

Mimi hupenda kutunga programu za madirisha kwa Tkinter, chombo cha lugha ya Python. Lakini kisanduku cha kuandikia sikiamini. Mwalimu akitia alama 45 katika kimoja na 38 katika kingine, kompyuta hupokea maandishi tu. Ukiyajumlisha hupati 83, bali 4538! Sharti kwanza uyageuze kuwa namba. Na mtu akiandika “arobaini”, programu imweleze kwa adabu, ama sivyo dirisha litakaa kimya naye asijue kosa. Tena 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004, maana kompyuta huhesabu kwa mbilimbili, si kwa kumikumi. Basi onyesha desimali mbili tu. Alama za mwanafunzi ni haki yake, tusizichezee.